Robbins, kijiji kilichojijengea kiwanja cha ndege

Ukifika Chicago ukiwa mgeni, utaonyeshwa kwanza maghorofa ya katikati ya jiji na Ziwa Michigan. Majina ya viunga vya kusini unakuja kuyajua baadaye, ukishapata kazi na kuanza kutafuta nyumba ambayo kodi yake haitakumaliza: Harvey, Dolton, Posen, Markham, Blue Island, Robbins. Mimi niliishia Blue Island kwa sababu ya kodi na kwa sababu ya treni, na Robbins ndio majirani zetu. Unavuka mfereji wa Cal-Sag kuelekea kusini, unapita reli, umefika. Miezi yangu ya mwanzo, kila aliyenitajia Robbins alikuwa ananionya: pamechoka, maduka hakuna, mvua ikinyesha barabara zinajaa maji, usipite usiku. Hakuna aliyeniambia kwamba hapo ndipo Wamarekani weusi walipojijengea kiwanja chao cha ndege kwa mikono yao, wakati viwanja vingine vilikuwa vimewafungia mlango. Wala kwamba mmoja wa wajenzi hao ndiye aliyekwenda Ethiopia kuongoza jeshi la anga la Haile Selassie, Waitaliano walipovamia.

Naandika haya kwa sababu naamini Robbins imehukumiwa vibaya. Watu hupita, wanaona nyumba zilizofungwa mbao madirishani, wanadhani wameshaelewa. Mimi naiona ni historia ya watu waliojipatia haki ya kujitawala bila kupata mali ya kujitawalia, na wakaishikilia haki hiyo kwa zaidi ya miaka 100.

Kisheria Robbins ni kijiji, maana jimbo la Illinois lina miji na lina vijiji, na kijiji kinaweza kuwa na meya, polisi na bajeti yake chenyewe. Kiko kilomita kama 27 kusini mwa katikati ya Chicago, na eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 4. Jina lilitoka kwa Eugene Robbins, mzungu aliyekuwa mfanyabiashara wa ardhi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliyakata mashamba ya hapo kuwa viwanja vidogo vya kuuza. Ardhi yenyewe ilikuwa ya bondeni na ya majimaji. Nadhani ndiyo maana bei ilikuwa nafuu, na ndiyo maana hakuna aliyeona tabu wanunuzi wakiwa weusi.

Wanunuzi hao walikuwa sehemu ya msafara mkubwa sana. Kati ya 1910 na 1970, watu weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya kusini, Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na mengine, wakikimbia ubaguzi wa kisheria, mashamba ya kugawana mazao na vitanzi vya makundi ya wazungu. Chicago ilikuwa moja ya vituo vyao vikubwa. Waliposhuka pale wakajikuta wamebanwa katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini wa jiji, nyumba moja imegawanywa kuwa vyumba vingi, kodi juu. Julai 1919, baada ya kijana mweusi aliyekuwa akielea ziwani kupigwa mawe na kuzama kwa sababu alivuka mpaka ambao haukuandikwa popote, jiji lilitumbukia katika ghasia zilizoua watu 38. Miaka iliyofuata wenye nyumba wazungu walizidi kutiana saini za kuahidi kutomuuzia wala kumpangisha mtu mweusi, na mahakama ziliziheshimu ahadi hizo hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa mwaka 1948 zisitekelezwe.

Robbins ilikuwa imeshajisajili kabla ya ghasia hizo. Tarehe 14 Desemba 1917 ilitambuliwa rasmi kuwa kijiji, na Thomas Kellar akawa meya wake wa kwanza. Haikuwa serikali ya kwanza ya watu weusi Illinois. Brooklyn, iliyo ng'ambo ya mto kutoka St. Louis, ilitangulia kwa miongo kadhaa. Lakini kwenye viunga vya Chicago lilikuwa jambo kubwa. Fikiria mtu aliyezaliwa Mississippi, ambaye baba yake hakuruhusiwa kupiga kura na ambaye alimjua polisi kama mtu wa kumkimbia. Sasa anaishi mahali ambapo polisi ni jirani yake, karani wa kijiji ni mtu wa kanisani kwake, na meya anaweza kumsimamisha barabarani akamwambia ahadi uliyotoa mwezi uliopita iko wapi. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 431. Wachache, lakini wote walikuwa wakijua nani anawatawala, na kwamba wakitaka wanaweza kumtoa.

Nyumba zao walizijenga wenyewe. Mtu alitanguliza dola chache kwa ajili ya kiwanja, akawa analipa kidogokidogo kila mwezi. Akishapata kiwanja anaanza kukusanya mbao: za masanduku, za mabehewa ya zamani, za majengo yaliyobomolewa mjini. Wanaume walikuwa wafanyakazi wa reli, wa matanuri ya matofali, wa machinjio na viwanda. Wanawake wengi walifua na kupika kwenye nyumba za wazungu. Wakitoka kazini jioni na siku za mapumziko, wanapiga misumari. Yeyote aliyejenga Mbagala au Kitengela anaujua mtindo huu: unanunua kiwanja, unasimamisha chumba kimoja, unahamia, mengine yatakuja. Maji yalikuwa ya kisima, choo kilikuwa nje, na barabara zilikuwa udongo mtupu ambao majira ya kuchipua uligeuka tope la kunasa magari. Miongo ilipita kabla ya lami na mabomba kuwafikia wote.

Mpaka leo unaweza kuzisoma baadhi ya nyumba hizo kwa macho. Kuna moja ninayopita nikienda stesheni: chumba cha mbele kina paa la chini, cha kati kimepanda juu kidogo, cha nyuma kina dirisha la aina nyingine kabisa, kana kwamba kila muongo uliacha chumba chake. Mbele hakuna ukingo wa saruji wala njia ya waenda kwa miguu. Kuna mtaro wazi wenye majani, na kijidaraja cha bomba na kokoto cha kupitisha gari. Nyuma kuna bustani. Mama mwenye nyumba, aliyezaliwa hapohapo, alinikuta nimesimama nikiitazama sukuma wiki yake, ndefu, imekaa mistari miwili kando ya uzio, na kabla sijaomba alikuwa ameshakata fungu na kunipa. Mbegu, alisema, bibi yake alikuja nazo kutoka kusini. Kwao huchemshwa saa nzima na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi. Nilipomweleza kwamba sisi tunaikata nyembamba na kuikaanga dakika chache kwa kitunguu na nyanya, alinitazama kwa huruma kabisa, akaniambia nirudi Jumapili nikale iliyopikwa.

Bustani hizo hazikuwa pambo. Wengi walitoka Chicago mjini kwa ajili hasa ya kupata nafasi ya kufuga kuku, kulima mboga, hata nguruwe wawili watatu, ili mshahara ukikatika watoto wasilale njaa. Ulipofika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, ardhi ndiyo iliyowashikilia wengi wao.

Na ni katika miaka hiyo hiyo ya njaa ndipo kiwanja cha ndege kilipojengwa.

Hadithi inaanzia kwa mafundi wawili wa magari, Cornelius Coffey, mzaliwa wa Arkansas, na John C. Robinson, aliyekulia Gulfport, Mississippi, na kusomea ufundi Tuskegee, chuo cha watu weusi kilichoko Alabama. Wote wawili walitaka kujifunza ndege. Waliomba nafasi katika chuo cha ndege cha Curtiss-Wright pale Chicago, wakakubaliwa kwa barua, na walipojitokeza wakaonekana ni weusi, mlango ukafungwa. Robinson alipata njia yake: akaomba kazi ya kufagia katika chuo hichohicho, akawa anasikiliza masomo huku ufagio ukiwa mkononi. Mwajiri wao wa gereji, mzungu aliyeitwa Emil Mack, akawaunga mkono na kutishia kukipeleka chuo mahakamani. Chuo kikakubali. Walihitimu mwaka 1931, na kisha chuo kilekile kikawaajiri kufundisha madarasa ya wanafunzi weusi.

Cheti walikuwa nacho, lakini pa kurukia hapakuwapo, maana viwanja vingi havikuwaruhusu. Wakaunda chama cha marubani, Challenger Air Pilots Association, wakaenda mahali pekee katika eneo lile ambapo serikali isingewauliza rangi yao: Robbins. Meya tangu 1929 alikuwa Samuel Nichols, na kijiji kikawapokea. Waling'oa miti, wakaondoa mawe, wakasawazisha ardhi, wakajenga banda la ndege kwa mbao zilizokwisha tumika. Miongoni mwao alikuwa muuguzi aliyeitwa Janet Harmon, ambaye baadaye alifahamika zaidi kama Janet Bragg. Kwa mshahara wake wa uuguzi alinunua ndege ya chama kwa dola 600. Wanahistoria wengi wanakitaja kiwanja hicho kuwa cha kwanza Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na watu weusi.

Mahali kilipokuwa nako kuna maana. Kilomita chache kaskazini, barabara ya Kedzie, kuna makaburi ya Lincoln, alikozikwa Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza mweusi Mmarekani kupata leseni ya urubani. Aliipata Ufaransa mwaka 1921 kwa sababu nchini mwake hakuna shule iliyokubali kumfundisha, akafariki kwa ajali ya ndege mwaka 1926. Tangu 1931 marubani weusi wa Chicago walianza desturi ya kuruka kila mwaka juu ya kaburi lake na kumwaga maua. Nimesimama kwenye makaburi yale. Ni eneo tambarare kama upande huu wote wa Illinois, na anga ni kubwa mno. Ndege ndogo ungeiona ikija tangu mbali, na injini yake ungeisikia kabla ya hapo.

Kiwanja hakikudumu. Mwaka 1933 upepo mkali ulilibomoa banda na kuziharibu ndege. Wenye uwanja mwingine, Harlem, uliokuwa upande wa Oak Lawn, wakawaruhusu kuhamia kwao. Huko ndiko Coffey na Willa Brown, mwalimu wa shule aliyegeuka rubani, walikofungua shule ya urubani, na baadhi ya wanafunzi wao walikwenda kuwa miongoni mwa marubani wa Tuskegee, yaani marubani weusi wa jeshi waliofunzwa huko Alabama na kupigana Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilikuwa likidai mtu mweusi hawezi kuendesha ndege ya kivita. Sehemu ya jibu ilitokea kwenye uwanja wa majani uliosafishwa kwa majembe Robbins.

Robinson aliondoka kabla ya vita hiyo. Alikutana na Malaku Bayen, ndugu wa Haile Selassie, na Mei 1935 akawa Addis Ababa. Mfalme alimfanya kamanda wa jeshi lake la anga. Ndege zilikuwa chache na za zamani, silaha haba. Tarehe 3 Oktoba 1935, Waitaliano walipoanza kuishambulia Adwa kwa mabomu, yeye alikuwa pale. Katika miezi iliyofuata alisafirisha barua, dawa na watu kati ya Addis Ababa na uwanja wa mapambano, akajeruhiwa, akashuhudia gesi ya sumu ikimwagwa juu ya watu wasio na hata viatu. Aliporudi Marekani mwaka 1936, watu weusi wa Harlem ya New York na wa Chicago walimpokea kama shujaa wa taifa. Na hakukaa moja kwa moja. Mwaka 1944 alirejea Ethiopia kufundisha marubani wapya, akafariki huko mwaka 1954 kutokana na ajali ya ndege, na akazikwa Addis Ababa.

Nimewauliza Waethiopia kadhaa ninaofanya nao kazi kuhusu Robinson. Wakubwa wanalijua jina. Robbins hawaijui, na hiyo ndiyo sehemu ya habari inayoniuma, maana mtu yule hakuchipuka jangwani. Alitoka katika kundi la mafundi, wauguzi na madereva waliochanga fedha zao wakati wa dhiki, katika kijiji kilichosema njooni, ardhi ipo.

Tarehe 28 Desemba 1932, meya Samuel Nichols alipata mtoto wa kike. Alipewa jina Grace Dell. Dunia ilimjua kama Nichelle Nichols. Tangu 1966 alicheza nafasi ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga za juu katika tamthilia ya Star Trek, jina lililotolewa kwenye neno letu uhuru. Alipotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mwaka 1977 shirika la NASA lilimwajiri kuzunguka nchi akiwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga, na kutoka katika kundi lililochaguliwa mwaka uliofuata walitoka Sally Ride na Guion Bluford, mwanamke wa kwanza wa Marekani na Mmarekani mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Nichols alifariki mwaka 2022. Magazeti mengi yaliandika kwamba alizaliwa "karibu na Chicago". Alizaliwa Robbins, na baba yake ndiye aliyekuwa meya marubani wale walipokuwa wakisafisha uwanja wao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kijiji kilifurika. Wakazi 1,349 wa mwaka 1940 walikuwa 4,766 mwaka 1950, na mwaka 1970 wakafika 9,641. Robbins ilikuwa mahali pa watu wa Chicago kuja kupumzika Jumapili: chini ya miti kulikuwa na pikniki, nyama za kuchoma na michezo ya besiboli, na usiku kulikuwa na vilabu vya muziki ambavyo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa mbele. Makanisa yalizidi, ya Kibaptisti, ya Kimethodisti, ya Kipentekoste, mengine ndani ya jengo lisilozidi sebule mbili, na hata leo ukitaka kujua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani mtoto wake kapata udhamini wa chuo, huulizi ofisi ya kijiji. Unauliza kanisani.

Matajiri pia walikuwapo. S. B. Fuller, mzaliwa wa Louisiana, alianza mwaka 1935 kuuza sabuni nyumba kwa nyumba kwa mtaji wa dola 25, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa wafanyabiashara weusi wakubwa Marekani. Nyumba yake aliijenga Robbins, wakati angeweza kutafuta pengine. Kati ya vijana waliojifunza biashara kwake alikuwamo George Johnson, aliyeanzisha kampuni ya Johnson Products mwaka 1954. Hiyo ndiyo kampuni ya Afro Sheen, mafuta ya nywele ambayo wasomaji wenye umri wanayakumbuka, na ambayo matangazo yake Marekani, miaka ya 1970, yaliwaita wateja kwa Kiswahili: watu wazuri.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Marekani, serikali ya mtaa na shule zake huishi kwa kodi ya ardhi na majengo. Mji wenye viwanda na maduka makubwa unatoza asilimia ndogo na bado unapata fedha tele. Mji wenye nyumba ndogo tupu unatoza asilimia kubwa na bado hautoshelezi, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo mfanyabiashara anavyokimbilia mji wa pili. Robbins haikuwahi kuwa na kiwanda kikubwa. Watu wake walifanya kazi kwenye viwanda vya miji mingine, na kodi za viwanda hivyo zilibaki huko. Watoto wa shule ya msingi wanasoma katika wilaya ya shule ya Posen-Robbins, ambayo namba yake ni 143½, nusu kabisa, na ni kati ya wilaya ambazo zimekuwa zikihangaika na fedha tangu watu niliozungumza nao wakiwa wadogo.

Halafu mambo mawili yakaja kwa pamoja. Sheria ya makazi ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Ilikuwa haki, na watu walikuwa wameimwagia damu. Lakini mwalimu, muuguzi na karani wa posta wa Robbins sasa waliweza kununua nyumba Markham au Matteson, na wengi walikwenda. Na viwanda vya chuma vya kusini mwa Chicago vikaanza kufa: Wisconsin Steel ilifunga mwaka 1980 na wafanyakazi wakaikuta milango ina kufuli; South Works, ambako maelfu walikuwa wamefanya kazi, ikamalizika 1992. Idadi ya watu Robbins ikashuka kila sensa. Mwaka 2020 walikuwa 4,629, chini ya walivyokuwa 1950.

Ni hapo ndipo lilipokuja tanuri la kuchoma taka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo la Illinois lilikuwa na sheria iliyozilazimu kampuni za umeme kununua umeme wa taka kwa bei ya juu, na wawekezaji wakaanza kutafuta pa kuweka mitambo. Miji iliyojiweza ilikataa. Robbins, chini ya meya Irene Brodie, ilikubali, kwa sababu iliahidiwa ajira na malipo ya kila mwaka kwenye hazina iliyokuwa karibu tupu. Mtambo ulikuwa na uwezo wa kuchoma tani 1,600 za taka kwa siku. Wakazi waligawanyika vibaya. Wapo waliosema sumu itashuka kwenye mapafu ya watoto wetu, na wapo waliosema bila fedha hizi hakutakuwa na kijiji cha kukilinda. Mwaka 1996 jimbo liliifuta sheria ile ya bei. Mtambo ulifunguliwa 1997 ukiwa tayari umepoteza msingi wake wa kifedha, na mwaka 2000 ukafungwa.

Nimesoma waandishi wanaolitaja tanuri hilo kama ushahidi kwamba viongozi wa Robbins hawakujua kuongoza. Siwezi kukubaliana nao. Binafsi ningepinga mtambo ule, na nina watoto wenye pumu, kwa hiyo najua kwa nini ningepinga. Lakini ukimbana mtu kwenye kona kwa miaka 70, ukamletea mlango mmoja tu wa kutokea, si haki kuja baadaye kumlaumu kwa kuuchagua. Waliotunga sheria, walioifuta katikati ya safari, na miji iliyozungusha takataka zake hadi zikafika kwa wasio na uwezo wa kukataa, hao ndio wa kuulizwa kwanza.

Mzigo mwingine ni maji, na huo umekuwapo tangu siku Eugene Robbins alipouza kiwanja cha kwanza. Kijito cha Midlothian kinapita katikati ya kijiji, na kila mji ulio juu yake ukiongeza lami na maegesho, maji yanayofika Robbins yanaongezeka. Niliona mwenyewe kiangazi kimoja: mvua ya saa mbili, mitaro ikajaa hadi ikaungana na barabara, wanaume wakatoka na mifuko ya mchanga iliyokuwa tayari kwenye magari yao, bila mtu kupaza sauti wala kuuliza nani aende wapi. Walianzia kwa ajuza anayeishi peke yake, kisha nyumba yenye mtoto mchanga, kisha zao. Vyumba vya chini vya ardhi vilijaa hata hivyo. Kesho yake mazulia yalikuwa yameanikwa kwenye uzio mtaa mzima, na mkusanyiko wa kanisa ukawa unagawa dawa ya ukungu na chakula cha moto.

Hivi karibuni mamlaka ya maji taka na mafuriko ya eneo la Chicago imeingia kazini: bwawa la kuhifadhi maji ya mvua, mfereji wa kuyatoa kijitoni na kuyapeleka Cal-Sag, na bustani kubwa ya kijiji juu ya ardhi iliyokuwa imekaa bure. Uchaguzi wa 2021 uliwapa meya kijana, Darren Bryant, aliyekuwa bado katika miaka yake ya 20. Kuna makumbusho madogo ya historia yanayoendeshwa kwa kujitolea. Dwyane Wade, aliyechukua ubingwa wa NBA mara tatu, alikulia hapa, na watoto wa uwanja wa mpira wa kikapu watakuonyesha mtaa wake kabla hujauliza.

Lakini wazee niliozungumza nao, wakiwamo wale waliosimuliwa habari za ndege na wazazi wao, wanazungumzia zaidi kijito. Yule mama wa sukuma wiki alinionyesha viwanja vitatu mfululizo upande wa pili wa mtaa wake, vya majani, ambavyo kila kimoja kilikuwa na nyumba na anawajua waliokaa humo kwa majina. Hakuna benki itakayokopesha mtu kujenga mahali panapofurika. Maji yakipata njia, anasema, wajukuu wake wawili walioko Indiana wamemwahidi watarudi kujenga, na kijiji kitapata nyumba mbili zaidi za kukilipa kodi.